Kubaki na Walioshindwa

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nilirudi nyumbani na vitu viwili vya maana: godoro na flashi iliyojaa anime za michezo. Wiki nzima sikutoka nje. Nilitazama tu, moja baada ya nyingine, mpaka nikaanza kuzilinganisha.

Zile za kale zina ukali wake. Mwaka 1964, timu ya wanawake ya Japani ilishinda dhahabu ya voliboli kwenye Olimpiki ya Tokyo. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya nguo: mchana kazi, jioni mazoezi hadi usiku mkuu. Kocha wao, Daimatsu, alibandikwa jina la zimwi. Anime zilizofuata zilinywa kisima hichohicho. Kwenye Kyojin no Hoshi ya 1968, baba anamvisha mwanawe springi mwilini ili mkono upate nguvu ya kurusha mpira wa besiboli. Attack No. 1 ya 1969 ni voliboli ya jasho na machozi. Utamu wake ni kuona mtu akiumia na bado anasimama. Walioishi baada ya vita waliijua hali hiyo vizuri.

Halafu kuna Haikyuu!!, ya 2014. Mchezo ni uleule, lakini raha imehama. Karasuno wanaposhinda mechi ya kwanza, hadithi haiwakimbilii washindi. Inabaki na waliotolewa, vijana ambao hata majina yao hukuyashika, na kukuonyesha kwamba nao walikuwa wakicheza voliboli. Nikakumbuka Malkia Strikers wakichapwa 3-0 na Japani Tokyo mwaka 2021. Sisi tulishika matokeo tu, basi.

Ndiyo maana nasema ushindi si siri ya anime hizi. Siri ni kwamba mazoezi ya mtu yanahesabiwa hata akipoteza.

Baadaye Karasuno wenyewe wanapigwa na Aoba Johsai. Kocha hawapi hotuba ndefu. Anawapeleka kula. Wanakula wakilia, wali mdomoni, machozi mashavuni.

Nilisimamisha video hapo. Mathe alikuwa ameniwekea ugali na sukuma jikoni, umefunikwa na sahani, kama kila usiku wiki ile. Ulikuwa umepoa. Niliumaliza wote.