Hisabati yafuata nyayo za wasafiri kuisaka malaria

Mbu aenezaye malaria haruki mbali. Kwa kawaida safari yake ni ya kilomita chache tu. Anayevibeba vimelea kutoka ufuo wa Ziwa Victoria hadi Nairobi ni binadamu, tena akiwa ameketi ndani ya basi, na pengine hajui kwamba ameambukizwa. Ndiyo maana wataalamu wa afya wamelazimika kushirikiana na wanahisabati.

Kanuni moja kongwe ya kukadiria safari imeigwa kutoka kwa nguvu za uvutano za Newton. Husema kwamba wasafiri baina ya miji miwili huongezeka kadiri wakazi wa miji hiyo walivyo wengi, na hupungua kadiri umbali unavyozidi. George Zipf wa Marekani aliieleza mwaka wa 1946. Ni kanuni nyepesi kutumia, lakini haijui kwamba mtu huweza kuupita mji mkubwa ulio karibu akaelekea kijiji cha mbali kwa kuwa huko ndiko kwao, wala haijui msongamano wa vituo vya mabasi ifikapo Desemba.

Simu za mkononi zilileta njia nyingine. Mnamo 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Amy Wesolowski, Caroline Buckee na wenzao, wakiwemo Abdisalan Noor na Robert Snow. Walichunguza rekodi za wateja wapatao milioni 15 nchini Kenya, za kati ya Juni 2008 na Juni 2009. Kila mtu apigapo simu au atumapo arafa, mnara uliomhudumia hubaki na alama; alama zikihama kutoka mnara wa mji mmoja hadi wa mwingine, hiyo ni safari. Majina ya wateja hayakutumika.

Safari hizo zilipolinganishwa na ramani ya maambukizi, ilibainika kwamba eneo la ziwa lilikuwa chimbuko kuu la vimelea vilivyosafirishwa, na Nairobi ilipokea vingi. Kwa hivyo kupunguza malaria ziwani ni kuwakinga pia wakazi wa mji mkuu ulio mamia ya kilomita kutoka huko.

Hata hivyo, rekodi hufuata simu, si mtu. Simu moja huweza kutumiwa na jamaa kadhaa. Isitoshe, mtoto aliyebebwa mgongoni na mamake hana simu, ilhali watoto wa chini ya miaka 5 ndio wanaouawa zaidi na malaria barani Afrika.