Dau la Pipa la Bia: Chama cha Injini za Mvuke Uingereza na Wazee Wake Waliotangulia

Historia ya chama hiki ilianza kwa utani. Mwaka 1950, katika kijiji cha Appleford, ambacho wakati huo kilikuwa katika kaunti ya Berkshire, mkulima Arthur Napper alitambiana na mwenziwe Miles Chetwynd-Stapylton: nani mwenye injini ya mvuke yenye mbio zaidi? Wakawekeana dau la pipa la bia la galoni 9, sawa na lita 41 hivi, wakaenda kumalizana kwenye malisho. Napper alipanda Old Timer, injini ya kiwanda cha Marshall cha Gainsborough. Mshindani wake alipanda Lady Grove, kazi ya Aveling & Porter wa Rochester. Ushindi ulikwenda kwa Napper. Mtoto mwenye baiskeli angewapita wote wawili, lakini hakuna aliyejali. Watu walicheka, wakapiga makofi, na mwaka uliofuata wakataka tena.

Msomaji asidhani tunazungumzia gari moshi. Mount Gelai, lile dubwana la treni lililotulia katika Makumbusho ya Reli Nairobi, halitoki relini. Injini za akina Napper zilitembea barabarani na mashambani kwa magurudumu ya chuma, na kazi yake kubwa ilikuwa kupura ngano.

Siku ya kupura haikuwa lelemama. Dereva aliamka gizani kuwasha moto, maana boila huchukua saa kadhaa kupata nguvu. Injini ilisimamishwa mbali kidogo na mashine ya kupuria, kisha mkanda mrefu ukafungwa kutoka gurudumu lake la ubavuni hadi kwenye mashine. Mmoja anatupa miganda, mwingine anakata kamba, wa tatu anafunga magunia, na aliyepangiwa makapi, kazi ambayo kila mtu aliikwepa, anameza vumbi hadi jioni. Wanaume walifunga kamba chini ya magoti. Lundo la ngano likikaribia kwisha, panya waliokuwa wamejificha chini hutoka mbio, na mguu wa suruali ni pango zuri. Hapo ndipo watoto na mbwa walipopata starehe yao.

Kombaini, mashine inayovuna na kupura kwa pamoja, ilipoingia mashambani, hayo yote yakawa hadithi. Miaka ya baada ya Vita vya Pili, injini nyingi ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, zikakatwakatwa. Kumbe zilishavumilia mengi: sheria ya mwaka 1865 iliziwekea kikomo cha maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mjini, huku mtu akitangulia kwa miguu na bendera nyekundu mkononi. Baadaye sheria hiyo ililegezwa. Soko la chakavu halikuwa na huruma hiyo, na kama si wakaidi wachache wa aina ya Napper, leo zingebaki kwenye picha tu.

Mwaka 1954 wapenzi wa injini hizo walijiunga rasmi wakaunda National Traction Engine Club, ambayo baadaye iligeuka kuwa National Traction Engine Trust. Kazi iliyofuata ilikuwa tulivu lakini nzito: mwongozo wa usalama wa boila na maonyesho, jarida la Steaming, na tawi la vijana wanaofundishwa kuendesha na kutunza injini.

Nje ya chama, mbegu ile iliota kila upande. Mwaka 1969 yalianza maonyesho makubwa ya mvuke ya Dorset, yaliyoasisiwa na Michael Oliver, aliyefariki 2009. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ya mifugo ulifunga mashamba, na maonyesho mengi yakaahirishwa. Mwaka 2020 ikaja korona, mambo yakasimama tena. Makaa ya mawe nayo yamekuwa adimu, jambo ambalo wazee huligusia kwa sauti ya chini, kisha wakabadilisha mazungumzo.

Katika waliotangulia, anayekumbukwa zaidi na umma ni Fred Dibnah wa Bolton, fundi wa minara ya viwanda aliyetokea kuwa nyota wa televisheni. Alitumia zaidi ya miaka 20 kufufua trekta lake la mvuke la Aveling. Alipofariki Novemba 2004 akiwa na miaka 66, jeneza lake lilivutwa na injini yake mwenyewe katika mitaa ya Bolton, mwanawe akiwa dereva, na ile kofia yake maarufu ikiwa juu ya jeneza.

Ukijaliwa kupita Uingereza wakati wa kiangazi, ukasikia filimbi ya mvuke ikilia upande wa mashamba, sogea karibu. Usiogope masizi. Mwombe dereva akuachie koleo moja la makaa ulitie motoni, na umuulize nani aliyemfundisha.