Kura za Mashabiki: Historia ya Kuzipanga Nyimbo za Roki ya Zilipendwa

Desturi ya mashabiki wa roki kubadilishana orodha za nyimbo wanazozipenda, wakizipanga kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho na kubishania kila nafasi, haikuanzishwa na mashabiki wenyewe, bali ilichipuka kutokana na hesabu za wafanyabiashara, ambazo baadaye wasikilizaji walizikataa na kuziwekea mizani yao. Roki ya zilipendwa, ambayo hapa inamaanisha muziki wa magitaa ya umeme uliorekodiwa hasa Marekani na Uingereza kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mwisho wa miaka ya 1970, ndiyo iliyoukomaza ugomvi huo kati ya mauzo na mapenzi, kwa kuwa baadhi ya nyimbo zake zilizopendwa kuliko zote hazikuweza kuonekana kabisa katika vitabu vya mauzo.

Orodha za mwanzo zilikusudiwa kuwasaidia wenye maduka. Jarida la Billboard la Marekani lilianza mwaka 1940 kuchapisha orodha ya santuri zilizouzwa zaidi nchini kote, na nchini Uingereza gazeti la muziki la New Musical Express lilitoa chati yake ya kwanza tarehe 14 Novemba 1952, baada ya mfanyakazi wake Percy Dickins kuwapigia simu wenye maduka na kuwauliza ni santuri zipi zilizotoka kwa wingi wiki ile. Chati hiyo ilikuwa na nafasi 12, na kileleni alikaa mwimbaji Al Martino. Tarehe 4 Agosti 1958 Billboard ilianzisha Hot 100, iliyochanganya mauzo na idadi ya mara ambazo wimbo ulipigwa redioni. Kwa miongo mingi chati hizo zilihesabu santuri ndogo, yaani sahani yenye wimbo mmoja kila upande, na swali lake lilikuwa moja tu: watu wamenunua nini wiki hii?

Katika miaka hiyohiyo ya 1950 redio na televisheni zilianza kumpa kijana wa kawaida nafasi ya kutoa hukumu yake hadharani. Todd Storz, mwenye kituo cha redio cha KOWH mjini Omaha, aliuendeleza mtindo wa kurudia mara kwa mara nyimbo chache zinazopendwa zaidi, kwa mfano wa zile mashine za sarafu za mikahawani ambazo wateja walizitumia kuchagua wimbo uleule tena na tena. Kipindi cha televisheni cha American Bandstand, kilichotangazwa kutoka Philadelphia na kuanza kurushwa nchi nzima mwaka 1957, kilikuwa na sehemu ambayo vijana waliucheza wimbo mpya kisha wakaupa alama kati ya 35 na 98 na kueleza sababu zao, na kuanzia mwaka 1959 BBC ilikuwa na kipindi cha Juke Box Jury, ambamo jopo la watu mashuhuri lilitabiri kama santuri mpya ingevuma au ingedoda. Hata hivyo, vipindi hivi vilipima nyimbo ambazo zilikuwa bado sokoni, wala hakuna aliyefikiria kuuliza ni wimbo gani ungestahili kukumbukwa baada ya miaka 20.

Swali hilo lililetwa na mabadiliko ya bidhaa yenyewe. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 wanamuziki wa roki waliihamishia nguvu yao kwenye albamu, yaani santuri ndefu yenye nyimbo kadhaa zinazosikilizwa kwa mfuatano, na mwaka 1967 mtangazaji Tom Donahue akaanza kupiga nyimbo za albamu, hata zile ndefu, katika kituo cha KMPX cha San Francisco kilichotumia masafa ya FM, ambayo wakati huo hayakuwa na wasikilizaji wengi. Mfano ulio wazi zaidi wa matokeo yake ni wimbo wa Stairway to Heaven wa kundi la Led Zeppelin, uliotoka mwaka 1971 ndani ya albamu ya nne ya kundi hilo. Wimbo huo una urefu wa takriban dakika nane, na kwa kuwa haukuuzwa kama santuri ndogo nchini Marekani, haukuingia katika Hot 100 ya miaka hiyo ingawa vituo vya FM viliupiga bila kuchoka. Mpenzi wa roki aliyeisoma chati ya wiki hakuuona wimbo alioupenda, na kutokana na pengo hilo ikazuka haja ya kuwa na orodha nyingine.

Mwaka 1976 John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1, aliwaalika wasikilizaji wake wampelekee kura za nyimbo walizozipenda kuliko zote za wakati wowote, akazihesabu na kuzitangaza mwishoni mwa mwaka kwa jina la Festive Fifty, yaani nyimbo 50 za sikukuu. Stairway to Heaven, wimbo usioonekana katika mauzo, ukashika nafasi ya kwanza. Miaka miwili baadaye, baada ya vijana wa punki kuinuka na kuishambulia roki ya wakongwe kwa urefu na majivuno yake, kura zilikipeleka kileleni kibao cha Anarchy in the U.K. cha Sex Pistols. Lakini waasi nao waligeuka wakongwe upesi, kwani nyimbo zilezile zilirudi mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana tangu mwaka 1982 kura hizo zikawekewa mpaka wa nyimbo za mwaka husika peke yake. Tukio hilo lilidhihirisha tabia ya kudumu ya orodha za mapenzi: zisipowekewa mpaka wa muda, huganda.

Nchini Marekani mgando huohuo ukageuzwa kuwa biashara. Katika miaka ya 1980 washauri wa redio, miongoni mwao Fred Jacobs, walieneza vituo vilivyopiga roki ya zilipendwa peke yake, wakiwalenga watu waliokuwa vijana katika miaka ya 1960 na 1970. Vituo vya aina hiyo viliwakusanya wasikilizaji ukumbini, vikawapigia sekunde chache za mamia ya nyimbo na kuwataka watoe alama kwa kila moja, kisha nyimbo zilizopata alama ndogo zikaondolewa hewani. Kwa njia hiyo hukumu ya shabiki, iliyoanza kama upinzani dhidi ya soko, ikawa malighafi ya soko lenyewe, na idadi ya nyimbo zilizosikika ikapungua kadiri vipimo vilivyoongezeka.

Nje ya redio, ubishi uliendelea bila mizani ya mtu yeyote. Kaseti, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Philips katika miaka ya 1960, ilimwezesha shabiki kurekodi uteuzi wake na kumpa rafiki, huku mpangilio wa nyimbo ukiwa ni hoja inayosikika badala ya kuandikwa. Utamaduni wa wauza santuri wa London, ambao kutwa hupanga nyimbo tano bora za kila jambo, ulipata umaarufu wa kifasihi mwaka 1995 kupitia riwaya ya High Fidelity ya Nick Hornby.

Redioni nako, kura kubwa ya wasikilizaji, kama ile ya Peel, ilizuka Uholanzi. Mwaka 1999 kituo cha Radio 2 kiliandaa Top 2000, orodha ya nyimbo 2,000 zilizopigiwa kura na umma, iliyokusudiwa kuuaga mwaka mara moja tu. Ikapendwa kiasi kwamba hurudiwa kila mwaka, ikitangazwa usiku na mchana kuanzia Krismasi hadi mkesha wa mwaka mpya. Karibu kila mara mshindi huwa Bohemian Rhapsody, wimbo wa kundi la Queen wa mwaka 1975 ulioandikwa na Farrokh Bulsara, yaani Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 na ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Nafasi hiyo imewahi kuchukuliwa na wimbo wa Boudewijn de Groot mwaka 2005, Hotel California wa Eagles mwaka 2010, na Imagine wa John Lennon mwaka 2015, wiki chache baada ya mashambulizi ya Paris, wakati wimbo huo wa amani wa mwaka 1971 ulipokuwa ukisikika upya katika maombolezo.

Jarida la Rolling Stone, kwa upande wake, liliwapa kura wanamuziki na wajuzi. Orodha yake ya nyimbo 500 ya mwaka 2004 iliongozwa na Like a Rolling Stone wa Bob Dylan. Ilipopigiwa kura upya mwaka 2021 na jopo pana zaidi, nafasi ya kwanza ikaenda kwa Respect wa Aretha Franklin, na wimbo wa Dylan ukashuka hadi nafasi ya nne. Rekodi zote mbili zilikuwa zilezile za miaka ya 1960, ila waliopiga kura walibadilika. Kwa hiyo mwanahistoria anayezisoma orodha hizi kama kipimo cha ubora wa nyimbo atapotoka, ilhali anayezisoma kama sensa ya waliohesabiwa, ya umri wao, ya redio waliyoisikiliza na ya aliyekuwa na haki ya kuwauliza, atapata ndani yake ushahidi ambao vitabu vya mauzo havikuweza kuuhifadhi.