Chombo Kidogo na Nyongeza Zake

Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Hutoka katika nyanda za juu za Aberdare na Mlima Kenya, hupita Garissa ukiwa na rangi ya udongo, kisha huteremka hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katika nchi kavu kama ile ya Kaskazini Mashariki mto huu ni uhai wa watu na wanyama, lakini pia ni kizuizi, kwa maana aliyetaka kufika ng'ambo ya pili, au kuvua samaki katikati ya maji, hakuwa na budi kutafuta chombo.

Historia hupenda kusimulia habari za merikebu kubwa na manahodha mashuhuri. Insha hii yataka kutazama jambo dogo zaidi, nalo ni vile vitu ambavyo mwenye chombo hujitengenezea na kuvifunga juu ya chombo chake kwa mikono yake mwenyewe: mti wa kukingama, ubao wa kukalia, kigingi cha kufungia kamba, pahali pa kutegemezea mshipi. Mambo haya yaonekana madogo, lakini ndani yake mna elimu kubwa. Gogo lililochongwa huelea; nyongeza ndizo zinazolifanya kuwa chombo cha kazi. Tena kila nyongeza ina ushuru wake, na ushuru huo hulipwa kwa utulivu wa chombo.

Tuanze mtoni. Wapokomo, ambao ni wakulima na wavuvi wa kingo za Tana, wamechonga mitumbwi yao tangu zamani kwa shoka na tezo, wakitumia miti mikubwa ya msitu wa mto. Mtumbwi wa gogo moja hauwezi kuwa mpana kuliko mti wenyewe. Kwa hiyo ni mwembamba, na anayesimama ndani yake lazima ajue kuuweka mwili wake sawasawa. Katika chombo kama hicho mwana wa mto hakufunga vitu vingi. Nyongeza zake kubwa zilikuwa mbili, upondo na kafi, nazo zote mbili hushikwa mkononi. Penye maji machache alisukuma kwa upondo. Penye kina alipiga kafi. Upondo huohuo ulikuwa kipimo cha kina na fimbo ya kuzuia chombo kisigonge magogo yaliyozama. Mto wenye vichaka, kona kali na mafungu ya mchanga haupendi chombo chenye miti iliyotokeza ubavuni, maana kila kilichotokeza hunaswa. Basi uchache wa nyongeza zile haukuwa upungufu wa akili, bali ulikuwa uamuzi wa watu walioujua mto wao.

Tukifika pwani, mambo yanabadilika. Katika karne ya 1 baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki kitabu kiitwacho Periplus, chenye habari za safari za Bahari ya Hindi. Asema kuwa watu wa pwani hii walikuwa na mashua ndogo za mbao zilizoshonwa, na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba walizitumia kuvua samaki na kukamata kasa. Baharini mawimbi hutoka ubavuni, na mtumbwi mwembamba hupinduka upesi. Dawa iliyopatikana ni ngalawa. Miti miwili hulazwa kukingama juu ya mtumbwi, na katika ncha zake, kulia na kushoto, hufungwa mbao zinazogusa maji. Upepo unapoulalia upande mmoja, ubao wa upande ule husukumwa na maji na kukizuia chombo kisilale. Kwa nyongeza hiyo gogo jembamba liliweza kubeba mlingoti na tanga. Wataalamu huihusisha ngalawa na wasafiri waliovuka bahari kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, ambao wazao wao wako Madagaska mpaka leo.

Visiwa vya Lamu navyo vilikuwa na mtepe, chombo kikubwa kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kikiendeshwa kwa tanga la mkeka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ilikuwa imekaribia kutoweka, lakini fundisho lake halikupotea. Kamba ina tabia ambayo msumari hauna: hulegea kidogo chombo kinapotikiswa, kisha hurudi. Msumari hukataa kutikisika, na mwisho huupasua ubao au hupanua tundu lake mpaka maji yakaingia. Kamba ikichakaa, mwenyewe aweza kuibadilisha ufukoni bila kumwita fundi. Lakini yataka macho kila siku, kwani kamba iliyooza ndani yaweza kuonekana nzima kwa nje.

Katika karne ya 19 walikuja wageni wenye mashine, wakidhani kwamba nguvu ya mvuke itaishinda mito. Mwaka 1865 Mjerumani Baron von der Decken aliingia katika mto Juba kwa meli yake ya mvuke, Welf. Meli hiyo iliharibika kwenye maporomoko yaliyo juu ya Bardera, na muda mfupi baadaye mwenyewe akauawa. Mnamo 1891 na 1892 Kamanda Dundas, wa kampuni ya Kiingereza iliyoitawala nchi hii wakati ule, alikwenda na meli ya mvuke Kenia katika mto Tana, kisha katika Juba. Alifika mbali, na safari zake ziliandikwa vitabuni. Hata hivyo Tana haukupata kuwa njia kuu ya meli. Mtumbwi, ambao haukuhitaji kuni wala kina kirefu, uliendelea na kazi yake.

Chombo kingine kilichoacha alama katika mito hii ni boya la kubebea jukwaa. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Garissa ilikuwa mojawapo ya vituo ambako majeshi ya Jenerali Cunningham yalijikusanya kabla ya kuingia Somalia. Mwezi wa Februari 1941 majeshi hayo yaliufikia mto Juba, ambao Waitalia waliutumia kama ngome. Askari wa Afrika Kusini waliuvuka karibu na Yonte, na wahandisi wao wakaunda daraja la kuelea kwa kupanga maboya na kutandika njia juu yake. Kanuni yake ni nyepesi: chombo chenye uwazi ndani huelea, viwili vikifungwa pamoja hutulia kuliko kimoja, na juu yake huwekwa jukwaa. Neno la Kiingereza la chombo hicho limeingia katika Kiswahili, na Watanzania wengi mpaka leo hukiita kivuko pantoni.

Kanuni hiyo yaweza kutumiwa na mvuvi yeyote mwenye mapipa na mbao. Lakini na afanye hesabu kwanza. Pipa la lita 200 likizama lote husukuma maji yenye uzito wa kilo 200. Mapipa manne, basi, yaweza kubeba kilo 800 kabla ya kuzama kabisa. Mwenye busara hataki yazame zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu yake ni kilo 400. Mapipa yenyewe yakiwa na kilo 20 kila moja, hizo ni 80. Mbao za jukwaa zikiwa na 120, jumla ni 200. Zimebaki kilo 200 tu, yaani watu wawili wazima na vyombo vyao vya kuvulia. Mtu asiyefanya hesabu hii hudhani amejenga merikebu.

Sasa mvuvi huyo ataka kuongeza sanduku la samaki, kishikio cha mshipi, na pahali pa kuwekea kafi. Hapa ndipo wazee wa mtoni na wa pwani wanapomfundisha. Kwanza, afunge badala ya kutoboa, maana tundu katika pipa ni mlango wa maji. Ubao uliokingama juu ya jukwaa, ukafungwa kwa kamba pande zote mbili, waweza kubeba vishikio vyote bila kuligusa pipa. Pili, vitu vizito viwe chini na katikati. Kilo 5 zilizowekwa mita 1 kutoka katikati huinamisha chombo sawa na kilo 10 zilizo nusu mita. Tatu, kilichowekwa kulia kipate mwenzake kushoto. Nne, kisitokeze nje kitu kitakachonaswa na mti au kuzuia mtu aliyeanguka asipande tena.

Tusidhani kuwa mambo haya ni ya kale. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya Tana yalifunika barabara kati ya Garissa na Madogo, na watu wakavushwa kwa maboti. Boti moja ilipinduka pale Kona Punda. Watu 23 waliokolewa, na wengine wakapoteza maisha. Kwa watu wa Garissa, basi, elimu ya uzito na utulivu wa chombo si somo la kukariri kwa ajili ya mtihani.

Wahenga walisema kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Maana yake ni kwamba saa ya hatari ikishafika, ustadi wa nahodha haufai kitu. Ustadi hufaa kabla ya hapo, chombo kingali ufukoni, wakati mwenyewe anapokaza kamba, anapopima mzigo, na anapokuwa na ujasiri wa kusema kwamba kitu hiki kitabaki nchi kavu.