Ziwa la mama na ushauri wa nyanya

Kwa wazee wetu wa Masisi na Walikale, mutoto alinyonya miaka miwili hata kupita, na mimba ingine ilingojea. Wakati wa Wabeleji desturi hiyo ililaumiwa. Ndani ya vituo vilivyoitwa «Goutte de lait», wamama walihimizwa kuachisha ziwa mapema, juu koloni ilitaka watoto wengi, wafanyakazi wa kesho. Leo Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka 2 ao zaidi. Kwa jambo hilo wazee wetu walikuwa na haki. Ila maziwa ya kwanza ya manjano, ambayo wengine waliyamwaga, tusiyatupe: yanakinga mutoto.

Mama wa mzao wa kwanza hajifunzi kwa karatasi tu. Nyanya ndiye anamuonyesha namna ya kumushika mutoto na kumupatia ziwa. Lakini tangu mauaji ya soko la Ntoto, mwezi wa tatu 1993, vita vimetawanya jamaa. Wengi wamezalia kambini, nyanya akiwa mbali. Wazazi wapya wa Mpofi, muulize muganga, na muulize wazee wangali hai.