Maliwali wa Alexander Mkuu waliogeuka wafalme

Alexander Mkuu alipofariki dunia mjini Babylon mwaka 323 KK, hakuacha mrithi aliyeweza kutawala. Nduguye wa kambo, Arrhidaeus, na mwanawe aliyezaliwa baada ya msiba walitawazwa kwa jina tu. Mamlaka yalishikwa na jemadari Perdiccas, aliyewagawia wenzake majimbo: Ptolemy alipewa Misri, Lysimachus Thrace, na Antigonus akaachiwa Phrygia.

Cheo cha liwali wa jimbo kilirithiwa kutoka kwa Waajemi. Mwenye nacho alikusanya kodi na kuamua kesi. Katika baadhi ya majimbo Alexander alikuwa amewanyima maliwali amri ya jeshi na funguo za hazina. Kifo chake kilikiondoa kizuizi hicho.

Aliyethubutu zaidi alikuwa Ptolemy. Aliuteka msafara wa maiti ya Alexander, iliyokuwa na thamani kuliko dhahabu kwa mtafuta ufalme, akaipeleka Memphis. Perdiccas alimfuata kwa jeshi, akashindwa kuvuka mto Nile. Askari wengi walikufa maji, na maofisa wake mwenyewe wakamuua.

Mwaka 306 KK Antigonus alijitwalia cheo cha mfalme, na wenzake wakafuata. Ukoo wa Ptolemy ulitawala Misri hadi mwaka 30 KK, alipofariki Cleopatra.