Sydney: Mnara wa mashujaa usio na kaburi

Katika bustani ya Treptower mjini Berlin, ambako Umoja wa Kisovieti ulizindua kumbukumbu yake ya vita mwezi Mei mwaka 1949, mpita njia huwa juu ya ardhi iliyowalaza maelfu ya askari wa Jeshi Jekundu. Mjini Sydney hali ni nyingine kabisa. Mnara wa kumbukumbu umesimama katika bustani ya Hyde Park, katikati ya jiji, lakini hakuna hata maiti moja iliyozikwa chini yake.

Uingereza, ambayo Australia ilipigana chini ya bendera yake katika Vita Vikuu vya Kwanza, ilipiga marufuku kurejeshwa nyumbani kwa miili ya waliouawa. Waaustralia zaidi ya 60,000 walikufa, na wakazikwa walikoangukia: Gallipoli, Ufaransa, Ubelgiji na Mashariki ya Kati. Jenerali William Bridges alikuwa wa pekee. Mwili wake ulirudishwa mwaka 1915. Mwanajeshi mwingine, asiyejulikana jina, alirejeshwa mjini Canberra mwaka 1993, miaka 75 baada ya vita kumalizika. Mama wa Sydney aliyefiwa na mwanawe hakuwa na kaburi la kulizuru, na safari ya Ulaya ilikuwa ya wenye nacho.

Michango ilianza tarehe 25 Aprili mwaka 1916, mwaka mmoja kamili tangu majeshi yaliposhuka Gallipoli. Takriban pauni 60,000 zilipatikana. Hata hivyo vyama vya askari wa zamani vilivutana kwa miaka mingi: wengine walitaka jengo lenye ofisi za kuwahudumia wastaafu wa vita, wengine walitaka mnara. Hatimaye kazi ilikabidhiwa msanifu majengo Bruce Dellit na mchongaji sanamu Rayner Hoff, na Mwanamfalme Henry wa Uingereza akaufungua mnara huo tarehe 24 Novemba mwaka 1934.

Ndani yake kuna sanamu ya shaba ya kijana aliyekufa, uchi, amelazwa juu ya ngao na upanga. Wanaombeba ni wanawake watatu: mama, dada, na mke mwenye mtoto mchanga. Sanamu imewekwa chini ya usawa wa ukumbi, hivyo anayetaka kuitazama hana budi kuinamisha kichwa, kama afanyavyo mtu penye mwanandani. Sanamu nyingine ya Hoff, iliyomwonyesha mwanamke uchi msalabani, ilipingwa vikali na viongozi wa Kanisa Katoliki na haikuwekwa kamwe.

Ndani ya kuba zimebandikwa nyota 120,000 za rangi ya dhahabu, zikiwawakilisha watu wa jimbo la New South Wales waliojiunga na jeshi, waliorudi na wasiorudi. Nyota hizo hazina majina. Mwaka 2018 ukumbi mpya ulifunguliwa chini, ukiwa na udongo kutoka sehemu 1,701 za jimbo hilo ambazo askari walizitaja kuwa ndiko kwao.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki hapo hakosi kukumbuka ya kwetu. Sanamu ya Askari imesimama Dar es Salaam tangu mwaka 1927, na nyenzake zipo Nairobi na Mombasa. Nazo hazina makaburi wala majina. Tofauti ni kwamba jina la askari wa Sydney liliandikwa kwingineko, katika daftari la jeshi na juu ya jiwe la kaburi Ufaransa. Mpagazi aliyechukuliwa Ukambani au Unyamwezi, akafa kwa kuhara njiani, mara nyingi hakuandikwa popote. Mwezi Aprili mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ikaomba radhi.

Kambi ya wapagazi hao Dar es Salaam iligeuka soko. Neno la Kiingereza walilokuwa wakiitwa, kikosi cha wachukuzi, lilibaki midomoni mwa wenyeji likawa Kariakoo.